Jinsi ya Kutunza Ubaridi wa Vinywaji Kwenye Baiskeli Wakati wa Triathloni: Mwongozo Kamili

Katika triathloni, yaani mashindano ya kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia kwa mfululizo, kinywaji kinachowekwa kwenye baiskeli alfajiri hakinywewi alfajiri. Eneo la mpito, yaani pale baiskeli zinapopangwa na wanariadha wanapozichukua wakitoka majini, hufungwa kabla ya kuogelea kuanza, na tangu wakati huo chupa hubaki zenyewe, mara nyingi juani, zikimngoja mwenyewe arudi. Anayeogelea kilomita 3.8 anaweza kutumia saa moja hadi zaidi ya saa mbili majini, na ukijumlisha muda wa kusubiri mashindano yaanze, chupa iliyojazwa saa kumi na moja na nusu asubuhi huanza kunywewa saa mbili au hata saa tatu. Ndiyo maana wengi wanaotumia fedha nyingi kununua chupa maalumu hawapati nafuu waliyoitarajia: ubaridi wao umekwisha kabla hawajakanyaga pedali.

Mwongozo huu unamlenga zaidi mtu anayeshiriki masafa marefu, yaani nusu (kilomita 1.9 za kuogelea, 90 za baiskeli na 21.1 za kukimbia) au kamili (3.8, 180 na 42.2). Kwa masafa mafupi yenye kilomita 20 za baiskeli, chupa moja iliyotiwa barafu hadi theluthi yake inatosha, na hatua nyingi zilizo hapa chini hutazihitaji. Kwa kilomita 40, soma zaidi sehemu za kugandisha na za kusubiri.

Ubaridi wa kiasi gani, na kwa nini

Ni vizuri kujua tunatafuta nini kabla ya kuhangaika. Nusu lita ya kinywaji chenye nyuzi 4 za Selsiasi hunyonya takribani kilojuli 69 hadi ifikie joto la mwili la nyuzi 37. Hicho si kiasi cha kudharau, lakini mwendeshaji anayekanyaga kwa nguvu ya wati 200 huzalisha joto linalozidi kilojuli 2,000 kwa saa, kwa hiyo asitegemee chupa imfanyie kazi inayofanywa na jasho. Faida kubwa ya kinywaji baridi iko mahali pengine: mtu hukinywa kwa hiari. Kinywaji kitamu chenye chumvi kikishafikia nyuzi 32 hugeuka kuwa kitu cha kulazimisha, na mwanariadha aliyechoka huanza kuruka zamu zake za kunywa bila kujitambua, hadi anafika mwanzo wa mbio za miguu akiwa amepungukiwa maji na wanga kwa pamoja.

Mwaka 1996, Chuo cha Marekani cha Tiba ya Michezo kilipendekeza kwamba vinywaji vya mazoezi viwe na ubaridi kuliko hewa, kati ya nyuzi 15 na 22. Mimi huchukulia kiwango hicho kuwa shabaha ya kweli ya siku ya mashindano. Hatuhitaji kinywaji chenye barafu saa tano mfululizo. Tunahitaji kila funda, la kwanza hadi la mwisho, lisizidi nyuzi 20 au 22. Ukiiweka shabaha hapo, kazi inawezekana bila kubeba mzigo wa ajabu.

Joto huingiaje ndani ya chupa

Jua ndilo hulaumiwa kwanza, na kweli chupa nyeusi iliyowekwa juani hupata joto zaidi kuliko nyeupe. Hata hivyo, barabarani adui mkubwa ni upepo. Baiskeli inapokwenda kilomita 30 au zaidi kwa saa katika hewa ya nyuzi 32, upepo huo ambao wewe unauona ni nafuu unaipulizia chupa joto bila kukoma, na chupa ya kawaida ya ukuta mmoja hupoteza sehemu kubwa ya ubaridi wake ndani ya saa moja, hata kukiwa na mawingu.

Umande ni njia ya pili ambayo watu huisahau. Mvuke wa hewa unapogusa chupa baridi na kugeuka matone, huachia joto lake kwenye ukuta wa chupa. Itazame chupa ya kawaida iliyotoka kwenye friza siku yenye unyevunyevu: kwanza hufifia kama kioo kilichopuliziwa pumzi, kisha matone madogo hujitokeza sehemu ya chini ambako kinywaji kimegusa ukuta, yakaungana na kuteremka, na baada ya dakika chache kuna kidimbwi mezani. Kila tone lililo pale limeacha joto lake ndani ya kinywaji chako. Zaidi ya hayo, chupa iliyoloa huteleza mkononi, na chupa iliyodondoka barabarani haina faida hata ikiwa imejaa barafu.

Njia ya tatu ni ya hesabu tu. Chupa iliyobakiwa na robo ya kinywaji ina ukuta uleule wa kupokea joto, lakini ina kinywaji kidogo cha kulimeza joto hilo, kwa hiyo hupata moto upesi zaidi. Kunywa kidogo kutoka chupa hii, kidogo kutoka ile, na kidogo kutoka ya tatu ni njia ya hakika ya kuwa na chupa tatu zenye uvuguvugu. Fungua moja, imalize, kisha uende nyingine.

Hatua ya 1: Jua utakunywa kiasi gani na utakipata wapi

Pima uzito wako ukiwa umevua nguo kabla na baada ya saa moja ya kuendesha kwa kasi ya mashindano katika hali ya hewa inayofanana na ya siku yenyewe. Kila kilo iliyopungua ni takribani lita moja ya jasho, na hapo ongeza kiasi ulichokunywa. Hesabu hiyo itakuonyesha unahitaji chupa ngapi kwa saa.

Kisha soma mwongozo wa washiriki na uandike vituo vya huduma viko kilomita ya ngapi, vinatoa nini, na kama wanatoa chupa nzima au vikombe. Swali la msingi ni hili: kutoka unapochukua baiskeli hadi unapopata kinywaji kingine baridi ni muda gani? Huo ndio muda ambao chupa zako zinapaswa kuumudu. Mtu anayebeba chupa nne za kumtosha njia nzima wakati kuna kituo kila baada ya kilomita 20 anabeba kilo mbili za ziada ambazo zitakuwa za moto atakapozifikia. Mwenye tumbo lisilovumilia kinywaji cha waandaaji ana sababu ya kubeba chake, lakini hata yeye anaweza kubeba unga wake katika vifuko vidogo na kuuchanganya na maji baridi ya kituoni.

Hatua ya 2: Chagua chupa kwa kazi yake

Chupa za plastiki zenye kuta mbili, ambazo ndani ya nafasi ya katikati huwa na utando wa kuakisi joto au sponji nyembamba, ndizo ninazozipendekeza kwa watu wengi. Hurefusha muda wa ubaridi takribani mara mbili ya chupa ya kawaida, hubinyika kwa mkono mmoja, na hukaa vizuri kwenye kishikilia chupa. Kasoro yake ni kwamba kwa unene uleule wa nje hubeba kinywaji kidogo zaidi, na kuzibinya kunahitaji nguvu zaidi, jambo ambalo vidole vilivyochoka hulihisi. Umande haupati nafasi kubwa juu yake kwa sababu ukuta wa nje haupoi sana.

Chupa za chuma zenye ombwe (nafasi isiyo na hewa) katikati ya kuta hutunza barafu kwa saa nyingi, na ofisini au kwenye gari hazina mpinzani. Kwenye baiskeli ya mashindano siziungi mkono. Ni nzito, hazibinyiki, na zikiwekwa kwenye kishikilia kilicho nyuma ya tandiko, shimo moja barabarani linatosha kuirusha chupa mbele ya gurudumu la mwendeshaji anayekufuata. Chupa za kioo zimekatazwa kabisa na kanuni za World Triathlon, shirikisho la kimataifa la mchezo huu.

Chombo cha mbele kinacholala katikati ya mikono na kuwa na mrija kinafaa sana kwa kunywa bila kuacha mkao wa kuinama, lakini kwa ubaridi ni dhaifu: kina ukuta mwembamba, kinapigwa na upepo wa kwanza, na mara nyingi hakijai. Kichukulie kama kikombe, si kama ghala. Mimina humo kiasi utakachokinywa ndani ya nusu saa, kisha ongeza kutoka kwenye chupa yenye kuta mbili. Kama una tangi lililojengwa ndani ya fremu, lijaze kinywaji kilichopoa tayari, wala usithubutu kugandisha kitu ndani yake, kwa sababu maji yanapoganda hutanuka kwa takribani asilimia 9 na nguvu hiyo inaweza kupasua tangi au fremu yenyewe.

Rangi ni jambo la mwisho. Nyeupe au ya kung'aa, basi.

Hatua ya 3: Gandisha kwa akili

Hapa ndipo ushindi unapopatikana, na hesabu yake inastahili kufuatwa kwa makini. Chukua chupa ya mililita 750 iliyojaa kinywaji cha nyuzi 4. Ili ifike nyuzi 20 inahitaji kupokea takribani kilojuli 50 tu. Sasa weka ndani ya chupa hiyohiyo gramu 250 za barafu na mililita 500 za kinywaji kilichopozwa hadi karibu na sifuri. Barafu hiyo itanyonya takribani kilojuli 83 kwa kuyeyuka peke yake, wakati kinywaji bado kiko karibu na sifuri, na baada ya hapo zitahitajika nyingine 63 kukifikisha nyuzi 20. Jumla ni kilojuli 146, karibu mara tatu ya mwanzo, ndani ya chupa ileile na kwa uzito uleule. Hakuna chupa ya plastiki inayoweza kukupa ongezeko la namna hiyo kwa ukuta wake tu.

Fanya hivi jioni ya siku moja kabla. Tia maji matupu, si kinywaji kilichochanganywa, hadi theluthi moja ya chupa. Fungua vali, yaani kizibo cha kunywea, ili hewa itoke, kisha ilaze chupa ndani ya friza ikiwa imeinuliwa kidogo upande wa mdomo, ili maji yagande kama ubao mrefu kando ya ukuta na yasifike kwenye vali. Barafu ya namna hiyo ina faida mbili: inaacha njia ya wazi ya kinywaji kupita, na haielei kama vipande vidogo vinavyokuja kuziba mdomo wa chupa kila unapoibinya. Asubuhi jaza nafasi iliyobaki kwa kinywaji kilicholala kwenye jokofu, ukihakikisha nacho kimekaa humo usiku kucha, maana kumimina kinywaji chenye joto la chumba juu ya barafu ni kuitumia barafu kwa kazi ambayo jokofu lingeifanya bure.

Kwa nini maji matupu? Kinywaji chenye sukari na chumvi kinapoganda, maji huganda kwanza na kusukuma sukari na chumvi pembeni, na kinapoyeyuka, kile chenye sukari nyingi ndicho hutangulia. Matokeo yake ni kwamba funda za kwanza zitakuwa nzito kama sharubati na za mwisho zitakuwa maji yasiyo na ladha. Tumbo lililotoka kuogelea halifurahii ujazo mzito hivyo. Kwa kuwa barafu ya maji matupu itazimua kinywaji, changanya unga wa kutosha chupa nzima ndani ya ile sehemu ya maji utakayoimimina asubuhi. Kama chupa ya mililita 750 inahitaji gramu 60 za unga, gramu zote 60 ziingie kwenye zile mililita 500. Kinywaji kitaanza kikiwa kizito kidogo na kulegea kadiri barafu inavyoyeyuka, lakini tofauti hiyo ni ndogo na inatabirika. Anayekerwa nayo anaweza kutumia vipande vya barafu vilivyogandishwa kutokana na kinywaji chenyewe, kwa kuwa vipande hivyo vikiyeyuka vyote, kipimo hakibadiliki.

Chupa utakayoinywa baada ya saa tatu au nne inaweza kugandishwa zaidi, hadi theluthi mbili au hata robo tatu, lakini isijazwe pomoni kwa sababu ya ule utanuko wa asilimia 9. Kuganda kote kuna hatari yake: ukiihitaji mapema kuliko ulivyopanga, utakuta umebeba jiwe.

Ukilala mahali pasipo na friza, nunua barafu, ipondeponde, na uichanganye na chumvi ya kawaida kwa uwiano wa takribani sehemu tatu za barafu kwa moja ya chumvi kwa uzito, ndani ya sanduku la kutunzia ubaridi. Mchanganyiko huo unaweza kushuka hadi karibu nyuzi 21 chini ya sifuri ukiandaliwa vyema, na hata ukiandaliwa kienyeji hugandisha chupa zilizofukiwa ndani yake kwa saa chache. Funga chupa ndani ya mifuko ya plastiki ili chumvi isiingie kwenye vali.

Hatua ya 4: Linda chupa wakati wa kusubiri

Zibebe chupa kutoka unapolala hadi eneo la mpito zikiwa ndani ya begi la kutunzia ubaridi, au zikiwa zimeviringishwa kwa magazeti kadhaa na taulo. Ukifika, fanya kazi nyingine zote kwanza: jaza upepo matairi, kagua gia, panga viatu na kofia, nenda msalani. Chupa ziwe kitu cha mwisho kabisa kuwekwa kwenye baiskeli, dakika chache kabla ya eneo kufungwa. Hatua hii haigharimu hata senti moja na inaokoa nusu saa hadi saa nzima ya ubaridi. Hata kama baiskeli ililazwa eneo la mpito tangu jana yake, kama inavyotakiwa katika mashindano mengi ya masafa marefu, kwa kawaida asubuhi utaruhusiwa kuingia kuweka vinywaji.

Ukiruhusiwa kuchagua upande wa kupanga baiskeli, angalia jua litachomoza wapi na uweke chupa upande wa kivuli cha fremu na magurudumu. Mara nyingi nafasi imeshapangwa kwa namba na huwezi kuchagua. Katika hali hiyo, vika kila chupa soksi nyeupe kavu ya pamba au ya sufu, na uivue unapoichukua baiskeli. Soksi kavu huzuia jua lisiguse ukuta na kushika tabaka la hewa tulivu kuizunguka chupa. Waulize waamuzi kabla, kwa sababu baadhi ya mashindano hayaruhusu kitu chochote kibaki chini, na soksi uliyoivua lazima iingie kwenye mfuko au kikapu chako.

Soksi iliyoloa, na mahali pake halisi

Wengi wameambiwa waloweshe soksi ili uvukizi upooze kinywaji. Ushauri huo ni wa kweli, ila ni wa kweli kwa nusu tu. Maji yanapovukiza hubeba joto jingi sana, na kitambaa kilicholoa kikipigwa na upepo hushuka hadi kiwango fulani kinachotegemea ukavu wa hewa. Katika hewa ya nyuzi 35 yenye unyevunyevu wa asilimia 20, kiwango hicho ni karibu nyuzi 19 au 20, yaani ndani kabisa ya shabaha yetu. Katika hewa ya nyuzi 30 yenye unyevunyevu wa asilimia 80, kiwango ni karibu nyuzi 27, ambapo soksi haina msaada wa maana.

Kuna jambo jingine muhimu zaidi. Kama chupa ina barafu, kinywaji chake kiko chini ya kiwango hicho, na soksi iliyoloa haiwezi kukishusha zaidi; badala yake huondoa ile hewa kavu iliyokuwa ikilinda chupa na kuruhusu joto lipite kwa urahisi. Kwa hiyo kanuni ni nyepesi: chupa yenye barafu hukaa kavu, na chupa iliyokwisha barafu, au uliyopewa kituoni ikiwa na uvuguvugu, ndiyo inayoloweshwa. Siku ya joto kavu, kuacha soksi nyembamba kwenye chupa moja na kuimwagia maji kila kituo kunaweza kukufikisha mwisho ukiwa na kinywaji kinachonyweka. Ijaribu mapema kwenye kishikilia chako, kwa sababu unene wa soksi huweza kuifanya chupa ing'ang'anie na kukutoa kwenye mstari unapoivuta.

Hatua ya 5: Fuata mpangilio barabarani

Anza na kilicho dhaifu. Chombo cha mbele kinyweke kwanza, kisha chupa yenye theluthi ya barafu, na ile iliyogandishwa zaidi ikae mwisho. Mahali pa chupa nako kuna uzito wake: kishikilia kilicho ndani ya pembetatu ya fremu hupata kivuli cha mapaja, ilhali kilicho nyuma ya tandiko hupata kivuli cha mwili wakati jua liko mbele na kukikosa linapokuwa nyuma. Chupa ngumu kuifikia iwe ile ya mwisho, wala isiwe nyepesi kuruka. Ikaze kwa kishikilia chenye mkamato imara.

Ikiwa una chombo chenye mrija, tia vipande vikubwa vya barafu badala ya iliyopondwa. Iliyopondwa huyeyuka haraka, na vipande vyake vidogo huingia kwenye mdomo wa mrija, ukavuta bila kupata kitu wakati unahitaji macho yako barabarani.

Usipoteze kinywaji baridi kwa kujimwagia. Maji ya kumwagia kichwani na mikononi yatakupooza kwa kuvukiza, na kazi hiyo huifanya yakiwa ya uvuguvugu karibu sawa na yakiwa baridi. Kinywaji chenye sukari ukijimwagia kitakunata mwilini na kwenye breki. Chukua maji matupu kituoni kwa kazi hiyo, na barafu yote ibaki kwa ajili ya koo.

Hatua ya 6: Tumia vituo na mfuko wa mahitaji binafsi

Unapokikaribia kituo, punguza mwendo na utazame chupa zenyewe, si mkono unaozitoa. Chupa yenye umande imetoka kwenye barafu; iliyo kavu imekaa mezani. Mwombe mtoa huduma kwa sauti ile iliyo baridi, maana vituo vyenye shughuli nyingi hupanga zote pamoja. Chupa uliyomaliza itupe ndani ya eneo lililowekewa alama tu, kwa kuwa kutupa taka nje yake kuna adhabu. Na ndugu au rafiki aliyesimama kando ya njia na chupa yenye barafu, hata kama ana nia njema kiasi gani, asikupe: msaada kutoka nje umekatazwa na unaweza kukuondoa mashindanoni.

Masafa kamili mara nyingi huwa na mfuko wa mahitaji binafsi unaokabidhiwa asubuhi na kupokelewa karibu nusu ya njia ya baiskeli. Hapo ndipo chupa iliyogandishwa robo tatu inapopata kazi yake. Iviringishe kwa karatasi ya kuakisi joto, kisha magazeti, kisha uifunge ndani ya mfuko wa plastiki ili maji ya umande yasiharibu vitu vingine. Baada ya saa tano ndani ya mfuko huo bado itakuwa na baridi ya kutosha, na huenda ikawa na kipande cha barafu katikati. Tumia chupa ambayo hutaililia, kwa sababu huenda mfuko usirudishwe.

Hatua ya 7: Jaribu nyumbani

Chagua siku yenye jua. Jaza chupa kama utakavyozijaza, ziweke kwenye baiskeli nje kwa muda uleule utakaosubiri na kuogelea, kisha uende barabarani. Chukua kipimajoto kidogo cha jikoni na upime kila chupa unapoifungua na unapoimaliza. Kama chupa ya kwanza inafunguliwa ikiwa na barafu nyingi na ya mwisho inaisha ikiwa nyuzi 28, hakuna haja ya chupa mpya. Hamisha barafu kutoka ya kwanza kwenda ya mwisho. Kama zote zinaisha chini ya nyuzi 10, umezidisha, na baadhi ya watu hupata maumivu ya paji la uso au tumbo kukaza wakimeza kinywaji baridi sana kwa haraka. Punguza barafu au kunywa kwa mafunda madogo.

Kinywaji kitamu na baridi kina hatari yake pia: hunyweka kupita kiasi. Kunywa zaidi ya unavyotoka jasho, hasa maji matupu kwa saa nyingi, kunaweza kushusha sodiamu katika damu hadi kiwango cha kuhatarisha maisha. Tumbo lililojaa maji yanayotikisika, vidole vilivyovimba, kichefuchefu na kichwa kuuma ni dalili za kupunguza kunywa na kumwona mhudumu wa afya, hata kama chupa bado ina barafu na koo inaitamani.

Kilomita 10 za mwisho

Panga ili funda za mwisho za chupa iliyogandishwa zaidi zinywewe katika kilomita 10 za mwisho za baiskeli, kwa sababu unaposhuka na kuanza kukimbia upepo hupungua ghafla na joto la mwili hupanda. Baada ya mashindano, usiziache chupa ndani ya begi hadi kesho yake. Kinywaji chenye sukari kilichopata joto huotesha kuvu ndani ya vali na mrija haraka sana. Tenganisha vali, sugua mrija kwa brashi nyembamba na maji ya moto yenye sabuni, suuza, na uziache zikauke zikiwa wazi zimeinamishwa, kifuniko kikiwa kando.